Mama Mapazia na Wake Wenza wa Ukutani

Mama Mapazia aliolewa na mwanamume mmoja tu, lakini siku alipohamia kwake alikuta nyumba imejaa watu. Walikuwa sebuleni, kwenye korido, hadi juu ya kitanda cha maharusi: wanaume wenye masharubu yaliyopindwa ncha, kofia wamezigeuza kisogoni, wamesimama kando ya vyombo vilivyofanana na vichanja vya kuanikia nguo. Wengine walikuwa wamekaa juu ya vyombo hivyo, miguu ikining'inia, wamekaza macho utadhani wanasubiri kung'olewa jino. Picha zenyewe zilikuwa za zamani sana. Nyingine zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, nyingine zimeliwa pembeni na unyevu, lakini zote zilikuwa ndani ya fremu safi zilizopanguswa vumbi.

"Hawa ni ukoo wenu?" bi harusi aliuliza, maana hakutaka kuanza ndoa kwa kukosa adabu.

Mume akacheka. "Ukoo wetu haujawahi kuwa na masharubu ya namna hiyo. Hawa ndio watu wa kwanza kuruka angani, mke wangu. Na hivyo ndivyo vyombo vyao."

"Vinaruka hivyo?"

"Viliruka," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaongeza, "Vingine."

Mume huyu alikuwa fundi lifti. Kutwa alikuwa juu ya maghorofa ya watu, ndani ya vile vyumba vidogo vya mashine vilivyo juu ya paa, anapaka grisi, anakagua kamba za chuma, anabadilisha vitufe vilivyochakazwa na vidole vya watu wenye haraka. Wenzake kazini walimwita Rubani. Walimtania kwamba yeye hupandisha abiria wengi kuliko shirika lolote la ndege, ila tu abiria wake hawavuki mpaka. Ndege yenyewe hakuwahi kuipanda hata siku moja.

Picha za kwanza alizipata kazini. Alikuwa anatengeneza lifti ya mizigo katika jengo la gazeti moja la zamani, akakuta masanduku yamepangwa mlangoni yakisubiri gari la taka. Akafunua moja, akakutana uso kwa uso na bwana mmoja aliyelala kifudifudi juu ya mabawa ya kitambaa, hewani, chini yake kivuli kwenye nyasi. Alimwendea mlinzi kuomba ruhusa. Mlinzi akamwambia, "Beba yote, baba, utakuwa umetupunguzia kazi." Tangu siku hiyo akawa hana dawa. Alipekua vibanda vya vitu vya mitumba, akabadilishana nakala na watu wa mbali wenye ugonjwa kama wake, na kila picha aliyoipata aliileta nyumbani ameikumbatia kifuani kama kuku wa zawadi.

Mkewe hakuchukia. Aliweka sharti moja tu, wiki ileile ya kwanza. "Sebule yako, korido yako," alisema, mkono kiunoni. "Lakini mimi siwezi kuvua nguo mbele ya kundi la wanaume, hata kama wamekufa." Fundi alitazama juu ya kitanda, akawatazama mabwana wale kama anayewaona mara ya kwanza, akaona haya. Jioni hiyohiyo akawahamishia koridoni, na amani ikapatikana.

Baadaye walimpata binti, na mama akafungua kazi yake ya kushona mapazia katika chumba cha mbele. Ndipo mtaa ulipompa jina lake. Alishonea maharusi, alishonea ofisi, alishonea hoteli ndogo za karibu na stendi. Wateja waliokuja kuchagua vitambaa hawakukosa kuuliza kuhusu picha, naye alikuwa na jibu lake: "Jamani, msinione hivi. Nimeolewa kwenye wake wenza, tena wake wenza wenyewe wana masharubu." Watu walicheka hadi wakasahau kuomba kupunguziwa bei.

Jioni fundi aliporudi alioga, akavuta kiti karibu na cherehani, akaanza kusimulia. Huyu alikuwa fundi wa baiskeli. Huyu alitumbukia mtoni na chombo chake, akaibuka anauliza kama saa yake bado inakwenda. Yule alitengeneza mabawa kwa mianzi. Mama Mapazia alikanyaga cherehani, akaitikia "Enhe!" na "Kumbe!" na "Masikini!" kila sauti ya mumewe ilipopanda au kushuka, na wakati wote huo kichwani alikuwa anapiga hesabu za mikunjo ya pazia la mteja wa kesho. Haikuwa dharau. Alipenda sauti ile ikiwa chumbani, kama mtu anavyopenda mvua ikinyesha juu ya bati, na ni nani anayesikiliza mvua inasema nini?

Miaka ikaenda hivyo. Binti akakua, akasoma, akawa mwalimu wa hesabu, akaondoka nyumbani. Fundi akaanza kuzungumza habari za kustaafu, akapima ukuta wa uani aone kama utafaa kupigiwa misumari.

Asubuhi moja alikuwa anakoroga chai. Kijiko kikamtoka, kikaanguka mezani, naye akawa anakitazama tu. Mkewe alisema, "Kiokote basi, baba," kwa utani. Akamwona mdomo umepinda upande.

Kilikuwa kiharusi. Hospitali walimrudishia uhai, na baada ya muda wakamrudishia mguu kiasi cha kujikongoja kwa fimbo. Mkono wa kulia ulibaki mzito. Maneno hayakurudi. Yaani lilibaki moja: kamba. Akitaka chai alisema kamba. Akitaka dirisha lifunguliwe, kamba. Mkewe alipoingia chumbani alimtazama kwa mapenzi makubwa, akafungua mdomo kumwita, likatoka lilelile, kamba. Akili yake ilikuwa salama, na hilo ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu alijisikia mwenyewe akikosea. Kila neno lile lilipotoka alifumba macho kama mtu aliyevunja kikombe cha watu. Mwishowe akaona heri anyamaze, akafunga mdomo kabisa.

Nyumba ikawa kimya. Mama Mapazia akikanyaga cherehani akajikuta anaitikia "Enhe" peke yake, kisha anashtuka.

Mtaalamu wa usemi wa hospitali alikuwa kijana mpole, viatu vyake vya mpira havikutoa sauti. Alimwekea fundi mezani kadi zenye michoro: kikombe, ng'ombe, ufunguo, mti. "Mzee, hiki ni nini?" Fundi alizitazama kadi kama mtu anayeulizwa ndani ya nyumba yake mwenyewe mlango uko wapi. Kisha akageuza uso.

Kijana hakukasirika. Alimwita mke pembeni. "Mama, kabla ya kuugua mzee alikuwa anapenda kuzungumza kitu gani?"

"Ndege," alisema Mama Mapazia. "Zile za mwanzo kabisa. Nyumba nzima ni picha zake."

"Basi nyinyi mna hospitali nyumbani. Ziteremsheni ukutani, mkae naye, mzungumze habari zake. Asilazimishwe. Mwache asikie kitu anachokijua."

Mama Mapazia akarudi nyumbani, akapanda kiti, akateremsha fremu moja baada ya nyingine, akazipanga kitandani pembeni ya mumewe. Akachukua ya kwanza, akaishika mbele yake, akafungua mdomo. Na yeye vilevile hakuwa na la kusema. Miaka yote ile ya kusimuliwa, hakukuwa na jina moja lililokaa kichwani. Aligeuza fremu atazame nyuma. Palikuwa patupu. Fundi hakuwahi kuandika kitu, kwa sababu kila kitu alikuwa nacho kichwani, na wakati ule kichwa kilikuwa bado hakijamsaliti.

Mwisho wa wiki binti akaja, akalichukulia jambo kwa njia ya kisasa. Alipiga picha zile kwa simu yake, akatafuta, akapata. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamsomea baba yake majina, miaka, umbali uliorukwa, uzito wa injini, yote bila kosa. Fundi alisikiliza dakika chache. Kisha akageukia ukutani, akavuta shuka.

Binti alikwenda jikoni kulia. "Nimefanya nini, mama? Si ndivyo vitu anavyovipenda?"

"Hujakosea, mwanangu," mama yake alimwambia. Lakini hata yeye hakujua kosa lilikuwa wapi.

Kesho yake mchana, binti akiwa ameshaondoka, Mama Mapazia alikuwa na pazia la mteja ambalo lilitaka kupindwa kwa mkono. Akalibeba chumbani, akakaa kwenye kiti, akaegemeza picha moja kwenye mto wa kulalia ili nayo imtazame mgonjwa. Alipoanza kusema, hakuwa anamtibu mtu. Alikuwa amechoka na kimya.

"Haya, mzee. Hii nayo sijui ni ya nani, lakini nimwite Bwana Mkufu, maana naona mkufu wa saa tumboni. Sasa Bwana Mkufu huyu ni mwoga. Kaaga nyumbani kwamba anakwenda kuruka, kafika hewani kaona hapafai, kageuka anarudi. Angalia mwenyewe. Hiki kibawa kidogo ndio mkia, si ndiyo? Na mkia unatangulia. Bwana huyu anaruka kinyumenyume! Anatoka angani kama mtu anavyotoka chumbani kwa mkwewe, asije akampa kisogo."

Kitanda kikalia. Alipoinua macho kutoka kwenye sindano, fundi alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto, mishipa imemtoka shingoni. Mkono wa kushoto ulikuwa unapiga shuka.

"Mmm," alisema. "Mm. Mbe. Mbe..."

"Nini, baba? Unataka maji?"

"Mbele!" fundi akafoka. "Mbele! Mbele!"

Mama Mapazia aliacha sindano ikaanguka. Alimtazama mumewe, akatazama picha, akaelewa polepole, kama mtu anayesogeza pazia aone nje kuna nini. Kile kibawa kidogo hakikuwa mkia. Kilikuwa mbele. Vile vyombo vya mwanzo, vingine, waliviwekea mbele kile kibawa cha kuinulia pua. Hilo aliambiwa labda mara mia, na mara zote mia alisema "Kumbe!"

"Mbele," alirudia, machozi yakimlenga. "Kwa hiyo anakwenda, harudi?"

Fundi akarudisha kichwa kwenye mto, anahema, uso umejaa hasira na jasho, na juu ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine alichokuwa hajakionyesha tangu siku ya kijiko.

Alipomsimulia mtaalamu, kijana alicheka hadi akavua miwani. Akasema, "Mama, endelea kukosea."

Basi akaendelea. Kila mchana alibeba kazi yake chumbani, akachagua picha, akaitia chumvi kwa vijiko. Alisema injini ya chombo fulani ni cherehani yake aliyoibiwa. Alisema bwana mwenye koti refu amelivaa kwa sababu suruali imechanika, ndiyo maana katika picha zote anasimama nyuma ya gurudumu. Fundi alikunja uso, akahangaika, akachimba chini kabisa, na siku nyingine akaibuka na neno: "mbili," chombo kilipoongezewa bawa lisilokuwepo; "maji," chombo kilipoitwa cha nchi kavu kumbe kina mitumbwi chini; siku moja akatoa neno zima la maana, "mwanamke," mkewe alipomsifia rubani mmoja mwenye kofia ya ngozi kuwa ni kijana mtanashati. Siku nyingine hakuibuka na kitu. Siku hizo walikaa tu, yeye anapinda pazia, mgonjwa anatazama dari. Zilikuwa nyingi pia, siku hizo.

Lakini ukidanganya kila siku kuhusu kitu lazima ukitazame vizuri, na Mama Mapazia akaanza kutazama. Kilichomnasa kwanza kilikuwa kitambaa. Aliinamia picha moja ya chombo kilichopigwa karibu, akaona mshono. Ulikwenda sambamba na ukingo wa bawa, pindo likarudishwa mara mbili, kama yeye anavyofanya pazia la hoteli ambalo litafuliwa kila wiki. Mtu alikaa mahali, akainama hivyohivyo, akavuta uzi. Alikaa na ile picha muda mrefu. Hakuwahi kudhani kwamba katika mambo haya ya mumewe palikuwa na mtu wa kazi yake.

Wakati huo fundi alikuwa ameshaanza kuunga maneno mawili, matatu, kila neno likija na mapumziko yake, kama lifti inayosimama kila ghorofa. Mchana mmoja mkewe alikuwa katikati ya uongo mnene, kuhusu bwana mmoja aliyepaa na mbuzi wake, aliposikia kutoka kitandani, polepole, kwa furaha:

"Wewe... mwongo."

"Mimi?"

"Mwongo... sana." Na akacheka. Ulikuwa mcheko wa upande mmoja wa mdomo, lakini ulikuwa wake.

"Ulijua tangu lini?"

Akafikiri. "Mbuzi," alisema.

Mama Mapazia alivunjika mbavu hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Alikuwa amemdanganya mgonjwa kwa miezi, na kumbe mgonjwa alikuwa radhi, isipokuwa tu mbuzi alipopakiwa.

Picha iliyowabadilisha ilikuwa ndogo, ya kawaida, wala haikuwa miongoni mwa zile fundi alizozipenda. Ilionyesha uwanja wenye nyasi fupi, chombo chenye mabawa mawili juu na chini, na bwana mmoja mwembamba anapanda kiti chake. Mkono wa kushoto wa picha, ukingoni kabisa, alisimama mwanamke aliyekatwa na fremu nusu ya mwili. Alikuwa amebeba koti la kiume na kofia, amevikumbatia kwa mikono miwili. Hakuwa anakitazama chombo. Alikuwa anamtazama bwana yule, usoni.

"Na huyu ni nani?" aliuliza Mama Mapazia. Safari hii hakuwa anachokoza.

Fundi aliomba kioo chake cha kukuzia. Alikisogeza polepole juu ya picha hadi ukingoni, kikasimama.

"Sijui," alisema.

"Picha umekaa nayo tangu kabla hujanioa."

Akamtazama mwanamke yule tena. "Sija... sijamwona," alisema. Alikusanya nguvu. "Sijawahi... kumwona."

Kisha fundi akanyoosha kidole kwenye rundo la picha, akitaka nyingine. Jioni ile walizipitia nyingi, na katika kila moja akaacha mabwana wenye masharubu, akaenda pembeni na kioo chake. Walikuwepo, kweli. Mtu ameshika ncha ya bawa ili upepo usilichukue. Watu wanne wanasukuma kutoka nyuma, nyuso hazionekani, ni migongo tu na visigino. Msichana mwenye ndoo. Mzee mmoja mbali sana, karibu na ua wa mbao, ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Fundi alikuwa anasema "huyu... huyu hapa," naye mkewe anasema "nimemwona." Walikuwa wamelala chumba kimoja miaka mingi, na ilikuwa mara ya kwanza kwao kutazama picha pamoja.

Kulikuwa na jambo lililokuwa likimsumbua Mama Mapazia, na siku moja aliliuliza. Kutokana na yale binti aliyoyasoma kwenye simu alikuwa amekumbuka kidogo. Alijua kwamba yule bwana wa chombo cha mianzi alianguka na kufa, tena mwaka uleule picha ilipopigwa. Alijua kwamba wengi wao waliishia hivyo. Lakini katika nyumba yote hakukuwa na picha moja ya chombo kilichovunjika.

"Mzee, walioanguka uliwaficha wapi?"

Fundi alitikisa kichwa. Hakuwahi kuzichukua, hata alipopewa bure.

"Kwa nini? Hukutaka kujua?"

"Najua." Alishika picha ya bwana wa mianzi, akaiweka magotini. Neno alilolitaka lilimpa taabu. Alilitafuta hadi jasho likamtoka, na mkewe akajizuia asimsaidie, kama alivyofundishwa. "Hapa," alisema mwisho, akigusa kioo cha fremu, "bado."

"Bado nini?"

"Hapa... bado hajui."

Mama Mapazia alikwenda jikoni kupasha maji ambayo yalikuwa yameshapashwa. Pale juu ya jokofu palikuwa na picha ya fundi mwenyewe, waliyompiga wenzake kazini kabla ya ugonjwa, amesimama mbele ya lifti mpya, mikono kiunoni, anacheka na mpiga picha kama mtu mwenye maneno mengi ya kusema. Aliipita picha ile kila siku akigeuza macho. Siku ile hakuyageuza. Alisimama nayo mpaka birika likaanza kupiga mluzi.

Mambo hayakuishia kwenye muujiza. Fundi hakurudi kazini, na maneno yake yalibaki ya kupimwa, kama ya mtu anayelipia kila moja. Simu aliichukia, kwa sababu ndani ya simu hakuna anayekusubiri. Lakini sokoni alikwenda na fimbo yake, akarudi na kilichotakiwa, na "kamba" lilirudi kuwa kamba.

Kisha binti, aliyekuwa ameolewa na kuhamia nchi nyingine, akajifungua. Akatuma tiketi mbili za ndege. Mama Mapazia alidhani mumewe ataruka kwa furaha kabla ya ndege yenyewe. Daktari alikubali. Mkwe aliahidi kuwapokea uwanjani. Fundi alizishika tiketi, akazisoma pande zote mbili, akairudisha moja juu ya meza.

"Nenda," alisema. "Mimi hapana."

"Kwa nini? Unaogopa?"

Fundi akamsogezea mkewe tiketi iliyobaki mkononi.

"Umenijazia nyumba watu wa kuruka maisha yangu yote," alisema mkewe, sauti ikimpanda, "leo umeitwa wewe, unakaa chini?"

"Hapana," alisema tena, bila hasira, na safari hii halikuwa neno lililokwama. Lilikuwa jibu.

Mama Mapazia aligombana naye siku mbili, kisha akaacha. Labda aliogopa. Labda hakutaka kupandishwa ngazi amebebwa na watu. Labda mtu aliyependa kitu kwa muda mrefu vile hataki kukaribishwa ndani yake kama mgonjwa. Hakumwambia, naye hakuja kujua. Wifi yake akaja kukaa na kaka yake, na Mama Mapazia akapiga moyo konde, akaondoka peke yake.

Aliporudi, baada ya kumbeba mjukuu hadi mabega yakamuuma, alimkuta fundi ameketi sebuleni, ameshavuta kiti cha pili karibu na chake. Wifi alisema alikuwa amekivuta tangu asubuhi.

"Mtoto mzima?" fundi aliuliza, maana adabu ilikuwa lazima itangulie.

"Mzima, mnene, ana pua yako, Mungu amsaidie."

"Haya." Akatega sikio. "Sema."

Mama Mapazia akakaa. Akagundua jambo la ajabu: hakuwa na sababu ya kutia chumvi. Lolote ambalo angesema, bwana huyu asingeweza kulisahihisha.

"Kwanza nikwambie ukweli," alisema. "Sehemu kubwa ya njia nililala."

"Ulilala!"

"Nililala. Nilipoamka nikakuta chakula kimekwisha."

Fundi alishika kichwa kwa mkono wake mzima. Wifi alicheka mpaka akatoka nje.

"Lakini mwanzo sikulala," mkewe aliendelea, akisogeza kiti. "Tulipoanza kukimbia pale chini nilikuwa dirishani. Watu hawatazami, mzee. Mmoja anasoma gazeti, mwingine amefumba macho, mama mmoja mbele yangu anamenya chungwa. Mimi nikalitazama bawa. Linatikisika! Nilidhani ni chuma kigumu, kumbe linapepea kama kitambaa kilichowambwa vibaya. Nikasema hapa fundi wa bawa hili alikuwa na haraka. Halafu kelele zikabadilika."

"Zikawaje?"

Akafikiri, kwa sababu alitaka kulisema sawasawa. "Kama cherehani ikimaliza kitambaa, ukawa unakanyaga bila kitu chini. Nyepesi. Nikatazama nje, ardhi haipo, na mimi sikuona ilipotuacha. Niliikosa dakika yenyewe. Nilikuwa natazama bawa."

Fundi alikuwa amefumba macho. "Ulishika... nini?"

"Mkono wa jirani. Mfanyabiashara mmoja, mtu mzima, hata hatujuani. Nilimbana hasa. Nikamwomba radhi, akasema, 'Bana tu, mama, hata mimi nilikuwa natafuta pa kushika.'"

Midomo ya fundi ilisogea, ikitafuta. Mkewe akasubiri. Nje wifi alikuwa anaanua nguo.

"Tena," alisema fundi. "Anza... pale mnakimbia."

Akaanza tena, na safari hii akakumbuka kitu alichokisahau: mtu mwenye fulana ya rangi ya machungwa, pembeni mwa njia ya ndege, aliyewainulia mkono wakati wanapita.